Mama Shofere na Pua ya Pikapu Yake

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Hapa Kamina, kuanzia sokoni mpaka Base ya jeshi, alikuwa Mama Shofere tu, na ukilitaja jina hilo kila mtu alijua unamsema nani, kwa sababu hapakuwa na mama mwingine aliyejiendeshea pikapu mpaka Kinkondja, kule ziwani, kufuata samaki wa kukaushwa. Sijui alizaliwa wapi. Wengine walisema alimfuata mume askari, wengine walisema alifika kabla ya mume. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia jambo ambalo hukumwuliza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda changu kiko kando ya njia inayotoka mjini kwenda Base, kwa hiyo magari mabovu ya askari na ya wafanyabiashara hupita mbele yangu, na yale mabovu zaidi hayapiti, yanabaki. Ndivyo nilivyomjua. Kwanza alileta bampa, mwezi uliofuata akaleta mlango, na baada ya hapo akawa anakuja hata asipokuwa na kitu cha kuchomelea.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa nyuma kwa fundo moja. Aliendesha bila viatu. Ndara zake zilikaa juu ya dashibodi zimelaliana, na alizivaa pale tu alipokanyaga chini, kwa sababu alisema mguu wenye kiatu hausikii kitu. Akifika alizima injini lakini hakushuka. Alibaki ameketi, kichwa kimeinama kidogo, akisikiliza chuma kikipoa, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea. Ukimfungulia mlango alikasirika. Ukimpa mkono ashuke alikasirika zaidi.

Neno lake lilikuwa "tuone kwanza". Ukimwambia gurudumu limekwisha: tuone kwanza. Ukimwambia mvua inakuja: tuone kwanza. Alilisema hata kanisani, mhubiri alipotangaza ibada ya siku tatu, na walioketi karibu naye wakacheka chini chini.

Watu walimwona mkali, na kweli alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na njia zake. Alibeba wagonjwa, alibeba wake wa askari na magodoro yao, mara moja alibeba maiti ya mtu asiyemjua mpaka kwa ndugu zake na hakutaka ashukuriwe. Lakini abiria akiuliza tutafika saa ngapi, alisimamisha gari, akamwangalia, akangoja. Mtu akiuliza mara ya pili alishushwa. Nilimwona mzee mmoja mwenye suti ameketi juu ya sanduku lake kwenye majani, kilomita chache tu kutoka mjini, kwa kosa hilo.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mazutu, yaani dizeli, na rangi yake ya kwanza ilikuwa nyeupe. Walioiunda waliiwekea tundu la kuvutia hewa chini ya kapo, kifuniko cha injini, nyuma ya taa ya mbele, juu kidogo ya gurudumu. Kwenye lami hakuna ubaya. Kwenye barabara yetu ya udongo mwekundu, mwezi wa nane, ni sawa na kumwambia mtu apumue huku umemwinamisha uso kwenye jivu. Gurudumu linatupa vumbi juu, tundu linalivuta, na filta ya karatasi iliyomo ndani, ndogo kama bakuli, inaziba siku ya kwanza. Siku ya pili dereva anaipigapiga kwenye gurudumu ili itoke vumbi. Siku ya tatu imepasuka na hakuna aliyejua.

Mabadiliko ya kwanza aliyoyafanya yalikuwa kosa, na kosa hilo alilisimulia mwenyewe, mara nyingi, bila aibu. Mtu mmoja alirudi kutoka Lubumbashi na filta ya kung'aa, yenye umbo la koni, ya kufungwa wazi bila kisanduku. Alimwambia inaongeza nguvu. Mama Shofere akaifunga. Injini ikaanza kunguruma kama ya gari kubwa.

"Nilipita pale sokoni mara tatu bila kazi," aliniambia kwa Kiswahili cha hapa kwetu, ambacho mimi ni minyi, watu ni bantu na injini ni motere. "Bantu banageuka, banaangalia. Minyi nafurahi kama muntu wa kuolewa. Sikio yangu ilikuwa inaniambia, hii motere haipumue, inalia. Minyi naambia sikio, nyamaza."

Kiangazi kimoja kilitosha. Moshi wa bluu ulianza, oili ikawa inapotea, gari likashindwa kuwaka bila kusukumwa. Walipoifungua injini walikuta silinda zimekwaruzwa kama ubao wa kukunia, na pete za pistoni zimekuwa nyembamba mpaka unaweza kuzikunja kwa vidole. Ilimchukua karibu mwaka mzima kuijenga upya, kipande baada ya kipande. Mwaka huo alirudi kubeba samaki kwa beseni kichwani, akinunua kwa watu wengine ambao zamani walinunua kwake. Hakulalamika mbele yangu. Lakini siku gari lilipowaka tena, alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu, na mara hii alishuka upesi.

"Fundi, minyi nataka motere ipumue juu."

"Juu wapi, Mama?"

Alinyoosha mkono juu ya paa la gari. "Kule vumbi haifike."

Alikuwa amechora kwa mkaa juu ya karatasi ya katoni. Bomba lilianza kwenye kona ya paa, likashuka kando ya kioo cha mbele, likaingia kwenye mtungi mkubwa wa filta uliofungwa ndani ya karoseri ya mizigo, nyuma ya kibanda cha dereva, kisha likarudi mpaka kwenye injini. Juu alikuwa amechora kofia iliyotazama nyuma, mvua isiingie. Nilimwambia nimeona bomba la namna hiyo kwenye magari fulani ya Base. Akasema yeye pia ameyaona, na amewauliza madereva wa huko, na mmoja tu ndiye aliyejua linafanya kazi gani.

"Upana wake?" niliuliza.

"Ngumi yangu iingie, isikwaruzwe. Na usiniwekee kona ya kukata. Weye ukiwa na beseni kichwani, ukifika kwenye kona ya kukata, si unapunguza mwendo? Njo vile na hewa."

"Na ukikosa mtungi mkubwa wa filta?"

"Sitakosa."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Hii motere ikikufa tena, fundi, siko na nguvu ya kuijenga mara ya pili. Kichwa yangu haibebe beseni tena."

Mtungi aliokuwa anaufikiria ulikuwa kwa Haji. Haji ni mfanyabiashara wa zile familia za Waislamu zilizotoka Maniema zamani, ana duka la vitambaa na chumvi, na nyuma ya duka kuna lori lililokufa. Kuku walitaga ndani ya kabini yake. Mafundi wote wa Kamina walikuwa wamewahi kumwomba kipande cha lori hilo, nami nikiwa mmoja wao, na wote alitujibu kwamba lilikuwa la marehemu ndugu yake na si la kuuzwa.

Mama Shofere alikwenda mara ya kwanza akanunua chumvi, akalitazama lori, akaondoka. Mara ya pili akanunua chumvi tena, ambayo hakuihitaji, akauliza ndugu yule alikuwa dereva wa namna gani. Haji alimsimulia muda mrefu. Mara ya tatu aliniomba niende naye. Alichota maji kwenye ndoo ya uani, akaanza kuosha kioo cha mbele cha lori kwa upindo wa kitenge chake.

Haji alitoka dukani. "Mama, unaosha nini hapo?"

"Naosha kioo, Papa Haji. Ndugu yako hangeacha iwe vile."

"Hangeacha," Haji alikubali. Kisha akasema, "Unajua hili si la kuuza."

"Najua. Minyi sitaki lori. Nataka ile filtre yake irudie barabarani. Hapa inafanya kazi gani?"

Haji alisimama akiangalia kuku wakishuka kwenye ngazi ya kabini. Kisha akaingia ndani, akarudi na spana mkononi, na akaifungua nati ya kwanza yeye mwenyewe. Alipomaliza kuufungua mtungi aliufuta kwa kanzu yake na kumkabidhi Mama Shofere kwa mikono miwili. Ulikuwa mtungi wa chuma imara, wenye filta mara nne ya ile ya pikapu, na chini una ulimi wa mpira ambao unatema vumbi gari linapotikisika.

Kazi ya bomba ilinichukua wiki moja. Nilitumia mabomba ya ekzosi ya lori, nikayasafisha kwa mchanga mpaka yakang'aa ndani, nikayakata vipande vipande ili kona zije pole pole. Viungo niliviunganisha kwa mpira mnene wa rejeta, nikavikaza kwa pete za chuma. Ilikuwa kazi nzuri isipokuwa mahali pamoja. Kwenye kona iliyo baada ya filta, mahali ambapo vumbi likiingia hakuna tena cha kulizuia, mshono wangu uliacha kitundu kidogo kama jicho la sindano. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, na kitundu kilikuwa upande wa chini. Nilikiziba kwa mastiki, nikapaka rangi nyeusi.

Asubuhi alikuja. Alilizunguka gari, akaingiza ngumi kwenye mdomo wa bomba, ikaingia. Akaniambia niwashe injini. Yeye akakanyaga gurudumu, akapanda, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja.

Injini iliendelea kuzunguka.

Akaongeza kiganja cha pili, akaegemea kwa uzito wake wote. Injini ikapunguza sauti, lakini haikuzimika. Alishuka, akavaa ndara zake.

"Fundi, nimeifunga pua. Iko napumulia wapi?"

"Labda kwenye mipira, Mama. Nitaikaza."

"Tuone kwanza."

Aliokota gunzi la mahindi, akaliwasha kwa kiberiti mpaka likafuka moshi, akawa analipitisha kando ya bomba huku injini ikiendelea kuzunguka. Kwenye mpira wa kwanza moshi ulipanda wima. Kwenye wa pili pia. Alipofika kwenye kona yangu moshi ulipinda, ukashuka, ukaingia chini ya ile rangi nyeusi kama uzi. Tuliuangalia wote wawili.

"Ulijua?" aliniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ananitazama usoni, si kwenye bomba.

"Nilijua, Mama."

"Bon." Alilikanyaga gunzi likazimika. "Na minyi nilijua ile filtre ya kung'aa iko mubaya, nikaendelea nayo. Toa hii. Anza tena."

Alikaa juu ya kreti tupu akimenya karanga wakati ninakata kona ile na kuitengeneza upya. Alinigawia nusu ya karanga. Nilichomelea polepole kuliko nilivyowahi kuchomelea maishani mwangu. Saa sita mchana alipanda tena juu ya gurudumu, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja kimoja. Injini ikatetemeka, ikakohoa mara moja, ikazimika. Palikuwa kimya mpaka nikasikia redio ya nyumba ya jirani.

"Wafwako," alisema, ambalo ni asante kwa Kiluba. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniambia asante kabla ya siku hiyo.

Nilifikiri tumemaliza. Akaniambia nipande.

"Wapi?"

"Kinkondja. Weye njo umetengeneza. Ikikufa njiani, tutakaa nayo wawili."

Kabla ya kuondoka tulipaka grisi safi ndani ya bomba lililo baada ya filta. Kama vumbi lingepita popote, lingenasa pale na tungeliona. Kisha akaendesha kwa mwendo wake wa siku zote, ambao haukuwa wa haraka wala wa pole, mguu mtupu juu ya pedali, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti isiyofuata tuni kabisa. Lori lilitupita likatuachia wingu jekundu mpaka hatukuona pua ya kapo. Nilianza kuhesabu mishono yangu kichwani. Yeye alinyamaza kuimba, akasikiliza, akaendelea kuimba.

Kinkondja nilimwona mtu mwingine. Aliingia kati ya wanawake wanaokausha samaki, akawa anacheka, anashikana nao mabega, anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Walimpa kigoda. Alikaa kwenye moshi wa samaki macho yakimtoka machozi, akikataa kuhama, na nikawaza kwamba mtu huyu aliyehangaika hivi kuipatia injini hewa safi hajali hata kidogo anachovuta yeye mwenyewe. Nilimwambia hivyo. Akasema injini haiwezi kwenda kunywa maji kisimani ikasafisha koo.

Tuliporudi alilegeza bomba mbele ya kibanda changu. Hakuigusa grisi yeye. Alinishika mkono, akakiingiza kidole changu ndani, akaniambia nizungushe. Kidole kilitoka na grisi safi, haina hata chembe ya mchanga. Kisha akaubana ule ulimi wa mpira chini ya mtungi, na vumbi jekundu likamwagika kiganjani mwake, laini kama unga wa muhogo, limejaa mkono. Siku hiyo alilipeleka sokoni kwenye kikombe, akawaonyesha wauza samaki wenzake meza kwa meza.

"Hii njo ilikuwa inaingia ndani," aliwaambia. "Angalieni."

Baada ya hapo watu walianza kuja kwangu wakitaka pua kama ya Mama Shofere. Na yeye, bila kuitwa na mtu, alikuwa anapita, anapanda juu ya magurudumu ya magari ya wateja wangu, anaziba mabomba kwa kiganja. Injini isipozimika alimwambia mwenye gari kabla hajaniambia mimi. Wateja wawili walinikimbia kwa sababu yake. Nilimchukia kwa muda. Lakini leo nikisema bomba nililotengeneza halivuji, halivuji, na hakuna fundi kati ya hapa na Base atakayebishana nami.

Kitu kimoja alichokifanya kiliwashangaza watu, na bado kinasimuliwa. Masika yaliyofuata, njiani kurudi kutoka ziwani, mto ulikuwa umefurika juu ya barabara. Magari mawili yalikuwa yanangoja. Dereva mmoja aliiona pikapu, akaona bomba lile refu, akafurahi.

"Mama, weye uko na pua ya juu. Pita kwanza, tutakufuata."

Mama Shofere alishuka. Alikunja kitenge, akachukua fimbo, akaingia ndani ya maji akipima, mpaka yakamfika mapajani. Akarudi.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini hapana? Pua iko juu."

"Pua iko juu. Vitu ingine yote iko chini."

Dereva yule alicheka, akaingia majini na gari lake lisilo na bomba lolote, akapita, akapiga honi upande wa pili. Mama Shofere alikaa pale siku mbili. Wote waliokwama naye aliwapikia samaki, kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe, na siku ya tatu maji yaliposhuka alivuka. Mjini walimtania: amejengewa bomba kama la wanajeshi, halafu anaogopa mto. Nilimwuliza kama haoni uchungu kwamba mwenzake alipita salama.

"Alipita," alisema. "Nafurahi kwa ajili yake. Na minyi nilifika."

Aliliendesha gari lile miaka mingine mingi bila kuifungua injini. Mwishowe ni macho yake yaliyochoka, si gari. Siku alipokwaruza ukuta ambao alikuwa ameupita kila siku, aliwaachia pikapu wanawake watatu wa sokoni, akawafundisha mwenyewe mwezi mzima. Kisha nikasikia kwamba anahamia Lubumbashi kwa binti yake.

Mara ya mwisho nilimkuta kwenye stesheni. Nilikuwa nimekwenda kufuata furushi la vijiti vya kuchomelea lililokuja na treni. Treni ya kwenda Lubumbashi ilikuwa imesimama, watu wanapandisha magunia kupitia madirishani, wanaitana. Yeye alisimama peke yake mbele kabisa, karibu na kichwa cha treni, begi moja miguuni.

"Mama, mabehewa yako nyuma."

"Najua iko wapi. Nangoja muntu."

"Nani?"

"Ule wa kuendesha."

Nilisimama naye. Alikuwa ameishi katika mji wa reli maisha yake yote niliyoyajua, na ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kusikia amepanda treni. Baada ya muda alisema, bila kunigeukia, "Fundi, minyi siyapandaka kitu muntu mwingine anaendesha na minyi simuone. Hata mara moja." Akasogeza begi kwa mguu. "Naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Dereva wa treni alikuja na kikombe cha chai mkononi, mtu mzima mwenye mvi, ovaroli yake imefuliwa. Alimwona mama mrefu amesimama katikati ya njia yake.

"Mama, shikamoo. Unatafuta behewa?"

"Marahaba. Njo weye unaendesha?"

"Njo minyi."

"Mpaka Lubumbashi?"

Angeweza kumdanganya. "Hapana, Mama. Minyi naishia katikati. Mwenzangu ataendelea."

"Na yeye, unamujua?"

"Nilimufundisha minyi mwenyewe."

Mama Shofere alisogea karibu sana, kwa sababu macho hayakumsaidia tena, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mtu usiyemjua. Dereva hakurudi nyuma. Chai yake ilikuwa inapoa.

"Umelala?" alimwuliza.

"Nimelala vizuri."

"Basi. Pole pole kwenye kushuka."

"Eyo, vidye," dereva alijibu kwa Kiluba, vile mtu anavyomjibu mkubwa wake kazini, akapanda ngazi yake.

Nilimbebea begi mpaka kwenye behewa, na hakukataa. Nilimtafutia nafasi dirishani, upande wa kivuli. Alipokaa aliniambia, "Rudia kazi yako, fundi, bantu banakungojea," nami nikashuka, lakini sikuondoka. Treni ilishtuka, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine mpaka likafika lake. Niliuona mkono wake umeshika ukingo wa dirisha, mishipa imesimama. Treni ikavuta, ikatulia, ikaanza kwenda kwa mwendo mmoja. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, akisikiliza. Kabla hawajaumaliza uwanja wa stesheni vidole vyake vililegea, na mkono ukabaki umelala tu pale dirishani, kama mkono wa abiria yeyote. Nikageuka nikaenda kutafuta furushi langu.